Chozi Niliowanasa kwa Ulimbo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipita chini ya miti kumi na mmoja iliyokuwa imechanua yote miezi michache nyuma, nisione hata ganda moja la mbegu. Mkosaji nilikuwa mimi, na shoka sikuwa nimeligusa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, kwenye msitu wa mlimani, mwendo wa siku mbili kutoka Mpanda. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikimtumikia baba mkwe kwenye mizinga yake ya nyuki ya magome. Yeye alitaka kitu kimoja: mbegu za miti ile ya maua mekundu, azipande kwenye kijiji kipya tulichoamriwa kuhamia kabla ya mvua. Kurudi mlimani hakungekuwepo.

Nami, kwa bidii isiyo na akili, niliona ndege chozi wakichomeka midomo kwenye kila ua. Nikasema hawa wanamwibia mzee asali. Nikapaka ulimbo matawini, nikanasa kila aliyetua. (Tuliwachoma, nyama ya mmoja haifiki kidole gumba.) Kila mmoja alikuwa na unga wa njano kwenye paji. Niliuona, sikuuliza. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Nilipomweleza, baba mkwe alikaa palepale kwenye majani makavu.

“Umewanasa wote?”

“Wote, baba. Nilidhani ni wezi.”

“Mkwe wangu, wewe hapa uliletwa na mshenga. Ningemtegea ulimbo njiani, leo ungekula ugali wa nani?”

Mke wangu, aliyekuwa akifunga mizigo, alicheka. Akamtazama baba yake, akarudi kwenye mizigo.

“Ule unga ndio posa,” mzee akasema. “Chozi anautoa kwenye ua la mti huu, anaupeleka kwa mwenzake. Umeiacha miti imejipamba, na hakuna wa kupeleka neno.”

Tulihama mikono mitupu. Hakunifukuza, na hilo liliniuma zaidi.

Mwanangu, kabla hujamwita kiumbe mwizi, mfuate uone anakipeleka wapi alichochukua. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza, na uzao wako usikatike.

Mlimani sijarudi. Wachungaji wanaopita huko wanasema miti ile bado inachanua. Nimewauliza kama ina mbegu. Hakuna aliyetazama.