Mpishi wa Jeshi la Mfalme

Filamu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mpishi. Ilikuwa na joka ambalo ungeweza kuyahesabu magamba yake, milima iliyoelea hewani, na farasi wengi kuliko watu wa mji niliozaliwa. Jeshi la mfalme lilijaza bonde zima. Mimi nilikuwa katika ukumbi wa sinema hapa Arlington, nimelala kwenye kiti kinachokunjuka kama kitanda cha hospitali, nimekumbatia ndoo ya bisi yenye umbo la kichwa cha joka, nikimsubiri mwanamke mmoja mnene aingie na sufuria yake. Hakuingia. Mfalme alipenda, akapigana, akafa, vita vikaisha, na muda wote huo hakuna askari aliyeonja hata kiazi.

Kitabu chenyewe sitakitaja jina. Wapenzi wake ni wengi, na hapa Texas watu wana bunduki.

Nilikijua kabla sijaweza kusoma Kiingereza cha maana. Tulikuwa tunakaa nyumba za wafanyakazi wa reli kule Voi, na dada yangu mkubwa alikiazima shuleni kwake kila muhula mpaka mwalimu wa maktaba akachoka kumwandikia. Yeye alisoma, sisi wadogo tukachagua maharagwe kwenye sinia, tukitoa mawe. Ndiyo yalikuwa makubaliano: mkono wako ukisimama, na hadithi inasimama. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa wa Kiingereza, mdomoni kikatoka Kiswahili, bila kukwama, hata nikafikia umri wa aibu kidogo kabla ya kugundua kwamba kitabu hakikuandikwa kwa Kiswahili.

Mpishi ndiye aliyekuwa mtu wangu. Alilifuata jeshi akiwa amebeba sufuria mgongoni kama kobe, na mfalme yeye alimwita tu "wewe kijana". Kabla ya kila pigano alisimama njiani na mwiko, na hakuna aliyepita bila kula. Mfalme aliposhindwa kumeza kwa hofu, alimwambia, "Kufa utakufa, lakini hutakufa na njaa mbele yangu." Nilipokuwa naogopa mitihani, na baadaye nilipokuwa naogopa afisa wa uhamiaji, ni sentensi hiyo iliyonipeleka mezani kunywa chai kwanza.

Dada sasa ni muuguzi Houston. Amekuwa muuguzi muda mrefu kiasi kwamba tukiongea kwa simu huwa ni dawa za mama, shinikizo la damu la mama, na nani amefariki kule nyumbani. Habari za mfalme ziliisha miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyeona zikiisha. Ndiyo maana nilipoona tangazo la filamu nilimkatia tiketi. Sikutaka sana filamu. Nilitaka kukaa karibu naye gizani, mpishi aingie, nione kama atanifinya mkono.

Lakini wodini muuguzi mwenzake aliugua, naye akaombwa ashike zamu yake.

"Nendeni tu," alisema. "Utanihadithia."

"Mimi nikuhadithie wewe?"

"Kwani umekuwa bubu?"

Basi nilienda na binti yangu, ambaye ana miaka kumi na sita na anajibu kila kitu kwa Kiingereza, hata ukimuuliza kwa Kiswahili kama ana njaa. Tulipotoka, kwenye foleni ya magari, nilishindwa kuvumilia.

"Wamemkata mpishi!"

"Mpishi gani?"

"Wa jeshi. Yule wa sufuria. Ndiye roho ya kitabu."

Alinitazama kwa upole, na upole wa kijana wa umri huo ni jambo la kutisha. "Baba, hakuna mpishi."

"Kwenye filamu, hilo nimeona."

"Kwenye kitabu. Nimekisoma mara mbili." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani wewe umekisoma?"

Ieleweke kwamba kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwaambia kwamba kitabu hicho ndicho kilichonifanya mwandishi.

"Nimekisikia," nilisema.

Nilikitafuta kwenye duka la vitabu vilivyotumika, nikakisoma wiki nzima, penseli mkononi, kama mtu anayemtafuta jamaa yake katika orodha ya abiria. Ni kitabu kizuri. Kina nasaba nyingi za wafalme na mashairi ambayo dada, naona sasa, aliyaruka yote. Mpishi hayumo. Mahali pamoja tu mwandishi anasema kwamba askari walikula, halafu anawaondoa kambini haraka kana kwamba ameona haya. Msichana mmoja wa Voi alifika kwenye sentensi hiyo akajiuliza swali ambalo mwandishi hakujiuliza: nani aliwapikia?

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya insha ya hasira kumhusu mwongozaji wa filamu. Niliifuta. Maskini, amepewa pesa za kujenga mji mzima, lakini hakuwa na dada.

Jumamosi mimi na binti yangu tulishika ile barabara iliyonyooka mpaka Houston. Tulimkuta dada jikoni, ameamka baada ya zamu, kitambaa kichwani, anachagua maharagwe ya mfuko wa plastiki.

"Dada, hayo yamesafishwa kiwandani. Umewahi kupata jiwe lolote Amerika?"

"Kiwanda kina macho?" Alisukuma sinia katikati ya meza, nasi tukajua kazi yetu. "Haya, nihadithie sinema."

Nilimhadithia joka, bonde, farasi. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mgonjwa akimweleza ndoto. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kawaida, kwamba mpishi hayumo.

"Mpishi gani?"

Nilidhani ananitania. Nilimwangalia usoni. Hakuwa ananitania.

Nilikuwa nimeshakubali mpishi kukosekana kwenye filamu, nikazoea kumkosa kwenye kitabu. Sikuwa nimewaza kwamba angekosekana pale jikoni pia, mahali pa mwisho alipoweza kuwa.

"Yule wa sufuria," nilisema. "Kufa utakufa, lakini hutakufa na njaa mbele yangu."

"Mimi nilisema hivyo?" Alicheka. "Jamani, nilikuwa mwongo!"

Basi nikamwanzia. Sikuwa na njia nyingine. Nilimsimulia mto, jinsi mashua ilivyoanza kuzama kwa uzito, jinsi nahodha alivyoamuru sufuria itupwe majini, na mpishi akasimama, akasema, "Tupeni taji. Taji halichemshi maji." Binti yangu aliinua kichwa. Mfalme akavua taji, nikaendelea, akalirusha mtoni, na mashua...

"Si nahodha," dada alisema.

"Nini?"

"Aliyesema sufuria itupwe ni mfalme mwenyewe. Ndiyo maana ilimuuma." Alikuwa anatazama sinia, vidole vinakwenda. "Na taji halikutupwa."

"Lilitupwa. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Nani anatupa chuma kizuri vile? Mlilala kabla sijamaliza, mlikuwa mnalala kila siku. Ng'ambo ya mto ilikuwa mchanga mtupu, hakuna hata jiwe la kuinjika sufuria. Taji lilikuwa na ncha. Akalipindua, akalikita mchangani, likawa mafiga."

Binti yangu aliuliza kwa Kiingereza mfalme alisema nini kuona hivyo. Dada akamjibu kwa Kiswahili kwamba mfalme aliambiwa akalete kuni.

Sijui kama alikumbuka au alitunga papo hapo. Niligundua kwamba sikutaka kujua. Nilikuwa namtazama mdomo tu, kama zamani, mpaka akanyamaza katikati ya sentensi na kugonga ukingo wa sinia kwa kidole.

"Mkono umesimama," alisema.

Nikainama, nikaendelea kutafuta mawe.