Siku Niliyojifanya Shemeji ya Daktari wa Tumbo

Vidonda vya tumbo vilinisumbua mwaka mzima, na hospitali tatu za Kitengela zilinipa jibu moja: mtaalamu yupo, lakini kadi ya bima ya serikali hapokei. Mwishowe mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa daktari wa tumbo aliyekuja Kajiado kila Alhamisi na kukubali wagonjwa watano wa kadi. Mimi nilifika nikiwa wa sita.

"Pole, mwalimu," mama wa mapokezi aliniambia huku akifunga kitabu. "Rudi wiki ijayo."

Wiki nyingine ya maumivu na uji mtupu! Nikamwinamia na kunong'ona kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho, "Mama, huyu daktari ni shemeji yangu. Ameoa dada yangu mkubwa."

Akafungua kitabu tena. "Kumbe! Huyo dada yako anaitwa nani?"

"Rispa," nikasema bila kupepesa macho.

"Na kwenu ni wapi?"

"Kakamega. Kwa harusi yao nilicheza mpaka kiatu kikakatika."

"Wako na watoto?"

"Watatu. Yule mdogo ni baba yake mtupu!"

Aliandika yote polepole, akainuka, akagonga mlango wa daktari.

"Baba Naserian, hebu toka usalimie shemeji yako wa Kakamega. Miaka kumi na minane nimekuwa bibi yako, na leo ndiyo nasikia niko na mke mwenza, tena wa watoto watatu."