Mume wangu anataka nimpikie ugali aliyetufungia gari

Admin, andiko hili wape watu wasome, ila jina langu baki nalo mwenyewe, maana huku kwetu hata kuku wakigombana kijiji kizima kinajua. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa Tarime, jirani na mgodi. Nina watoto wawili. Walikuwa watatu.

Wanaoishi huku wanajua tulivyobanana. Kila mwenye kiwanja kajenga vyumba vya kupangisha mpaka vimegusa barabara, na barabarani huwezi kuacha gari, malori ya kifusi yatalipitia. Kati ya ukuta wetu na mtaro kuna kipande kimoja tu cha kuegesha, na njia ya kuingilia ni kidaraja cha mbao. Gari la kwanza linaingia ndani, la pili linasimama kwenye kidaraja. La pili lisipotoka, la kwanza limefungwa.

Kipande hicho ni chetu, mume wangu ndiye aliyekijaza mawe kwa mikono yake. Jirani yetu, nimwite Marwa ingawa si jina lake, aliponunua pikapu ya kubebea mifugo, mume wangu alimwambia, "Mura, leta gari hapa. Wewe nikunyime sehemu?" Hao wawili walitahiriwa msimu mmoja. Kwa msiojua, kwetu Wakurya waliotahiriwa pamoja ni zaidi ya waliozaliwa tumbo moja. Hawashtakiani. Mwenzako akikukosea, unameza. Na mkewe naye anameza, hata kama hakutahiriwa na mtu.

Mume wangu anabeba abiria kwenda Nyamwaga. Kila asubuhi ilibidi aende kugonga kwa Marwa kumbembeleza atoe pikapu, na abiria wakimsubiri. Siku nyingine anatoka anapiga miayo, siku nyingine mkewe anasema bado kalala. Nilimwambia mume wangu twende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akanijibu, "Nimshtaki Marwa? Unataka rika langu lote linicheke?" Ukiolewa huku unajifunza kunyamaza.

Aliyechoka ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Asubuhi moja aliita vijana wakaisukuma ile pikapu, ikakwaruzika ukutani. Marwa hakugomba hata kidogo, na bora angegomba. Alichofanya, akaanza kuiacha kwenye gia, amefunga milango, ufunguo anaondoka nao. Zamani alikuwa anamwachia mkewe.

Siku ya mnada mvua ilinyesha tangu asubuhi, Marwa akaogopa tope, akaiacha pikapu na kupanda lori la wenzake. Mchana binti yangu wa mwisho, Robi, mwenye miaka minne, kifua kikambana. Tangu jana yake alikuwa anakohoa, sasa akawa anavuta pumzi mbavu zinaonekana. Mume wangu akakimbilia gari, akaliwasha, pikapu hiyo hapo kwenye kidaraja. Mke wa Marwa akatoka kashika kichwa. "Mama Robi, ufunguo anao yeye, yuko mnadani!"

Nikampigia mimi mwenyewe. "Shemeji, njoo utoe gari, mtoto anazi..."

"Leo ndiyo mnapiga simu?" akanikatisha. "Sukumeni kama mlivyosukuma juzi." Akakata. Nikapiga tena na tena, hakupokea.

Nikamwambia mume wangu, vunja kioo utoe hiyo gia. Akaokota jiwe. Ndugu zangu, nililiona jiwe mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeinuka. Halafu akaushusha. Akasema, "Siwezi. Ni gari la Marwa." Akaliweka jiwe chini, tena taratibu, akakimbia kutafuta bodaboda.

Bodaboda ilipatikana baada ya muda mrefu, na ikazama kwenye tope kabla ya nusu ya safari. Nilimalizia kwa miguu mpaka kituo cha afya, Robi kifuani, kanga imelowa. Nesi alimpokea, akamsikiliza, akaniangalia. "Mama, mngewahi kidogo tu." Hilo neno "kidogo" ndilo ninalolala nalo.

Msibani Marwa ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini, kwa sababu ni rika. Alilia mpaka wakamshika. Mbele ya wazee akaapa hakusikia neno mtoto. Mimi nilitamka, na nilitamka kabla hajakata. Kama alisikia anajua yeye na Mungu wake.

Sasa wazee wamekaa wakaamua Marwa atoe mbuzi, nyumba mbili zile pamoja. Kwenye ukoo huu, mama aliyefiwa ndiye anayesonga ugali, na tonge la kwanza anampa mkosaji kwa mkono wake. Niliwaambia, "Shikamooni baba zangu, tata zangu, mkono wangu hautaweza." Mmoja akanijibu kwa upole, "Mama, usipomlisha, hicho kifo kitarudi kwa hao wawili waliobaki." Mume wangu hakuwa na upole. Alisema nisiposonga nirudi kwetu Serengeti, na watoto wabaki, maana ng'ombe wa mahari walishalipwa.

Pikapu siku hizi inalala kijijini kwa wazazi wa Marwa. Kidaraja kiko wazi kutwa nzima, mume wangu anatoka na gari bila kumgongea mtu mlango. Kila likipita pale namwona Robi.

Wote wananiambia nimsamehe Marwa. Labda hata ningemweza. Lakini Marwa alikata simu akiwa mbali, hakuziona zile mbavu. Aliyeziona, akaliweka jiwe chini, ni huyu ninayelala naye kitanda kimoja, na kwa huyo hakuna mzee aliyetaja mbuzi.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Unga wa mtama na muhogo umeshasagwa, uko jikoni kwenye ndoo, naupita kila nikienda kuwasha moto. Mama zangu, dada zangu, hata wanaume mlio na busara, semeni nami. Huo ugali niusonge?