Mama Mkwe Ataka Kazi ya Pili

Kumkatalia mama mkwe ni shughuli. Kumkatalia akiwa ameshika shoka, hata kama shoka lenyewe ni la kufikirika, ni shughuli pevu. Hilo ndilo lililomkuta kinyozi wetu Jumapili moja mchana, saluni imefungwa, viti vya kunyolea vimesukumwa ukutani, meza ya mchezo imewekwa katikati.

Mchezo wenyewe ni hivi: kila mmoja ana shujaa wake katika nchi ya kubuni, kinyozi anasimulia yanayowakuta, na dadu zinaamua nani asalimike na nani aumie. Shujaa wa mama mkwe alikuwa mpiganaji, pande la mwanamke na shoka lake. Fundi cherehani wa duka la jirani alikuwa na tabibu. Dereva wa lori, waliyemwita Breki kwa sababu hana, alikuwa mwizi anayefungua kila kufuli.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, akivua miwani, "huyu wangu nataka ajifunze na utabibu."

Kinyozi akaziweka dadu chini. Sheria yake ilikuwa shujaa mmoja, kazi moja, na hakuitunga kwa roho mbaya. Zamani binamu yake alijikusanyia kazi zote, upanga wake, uchawi wake, kufuli zake, wenzake wakabaki kupiga miayo na kutazama simu. Wakaacha kuja mmoja mmoja, na mchezo ukafa. Ilimuuma, jamani! Kunyoa kunamlisha, lakini mezani pale ndipo anapojiona mtu.

"Mama, samahani sana, ila sheria..."

"Sheria naijua. Naomba ruhusa."

Breki akaangua kicheko. Fundi hakucheka. Aliinamia karatasi alipoandika sifa za tabibu wake akaanza kuikunja pembe, na kinyozi akaona. Akimruhusu mkwewe, fundi atabaki na kazi gani? Akimkatalia, mama atabeba mkoba wake aende zake, na tangu afiwe na mume, hapa ndipo mahali pekee anapokuja bila kubembelezwa.

"Kwani shoka lina ubaya gani, Mama?" akauliza, ili mradi avute muda.

"Halina. Nalipenda." Akaikunja miwani. "Ila baba yenu nilimuuguza, nikamgeuza, nikamlisha, na hakupona. Sasa hata hapa mtu akianguka, mimi nasimama tu na shoka langu namtazama. Nimechoka kutazama."

Kinyozi akageuka akaangalia rafu iliyo juu ya kioo, zilipopangwa redio za watu anazozitengeneza wateja wakipungua. Ufundi ule aliusomea akiwa tayari kinyozi wa kutegemewa, na bado mwalimu wake alimfagilisha karakana kama mgeni yeyote. Hakuna aliyempa bisibisi eti kwa kuwa anajua wembe.

"Haya," akasema. "Ila utaanzia chini kabisa, Mama. Mwalimu wako ni tabibu wa fundi. Akikutuma, unakwenda. Na ukiwa unajifunza dawa, ustadi wako wa shoka haupandi daraja."

Fundi akainua uso. "Mimi nimtume Mama?"

"Nitume, mwanangu."

"Basi... nibebee mkoba wa dawa."

Wakacheka mpaka Breki akamwaga chai. Mchezo ukaendelea, wakaingia pangoni, na zimwi likatoka gizani likampiga tabibu kwanza. Chali! Fundi akashika kichwa. Siku zote tabibu akianguka hapakuwa na wa kumwinua.

"Zimwi limekupa mgongo," kinyozi akamwambia mkwewe. "Shoka au dawa?"

"Dawa."

Akazitikisa dadu kwa mikono yote miwili, akazirusha. Namba ikatoka ndogo. Kinyozi akaiangalia, akaona dawa ya mwanafunzi inatosha kitu kimoja tu.

"Anafumbua macho," akasema.

Mama mkwe akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa fundi, ule wa kweli, wenye sugu za mkasi.

"Amefumbua," akasema. "Mmeona? Amefumbua."

Breki alikuwa akipiga kelele kwamba jamani, zimwi linamjia yeye sasa. Hakuna aliyemsikiliza.