Kahawa Niliyoshindwa Kuikataa Al Khuwair

Mtanicheka, najua, na wala sitawazuia, maana hata mimi nikiwa peke yangu jikoni nikiikumbuka siku ile najifunika uso kwa kanga. Mpaka leo teksi ikipita Al Khuwair nainama kwenye kiti nisije nikaonwa na watu wa nyumba ile (utadhani hawana kazi nyingine ila kukaa dirishani kunisubiri mimi).

Mimi ni nesi, naitwa Upendo, kwetu Iringa, na nilikuja Maskati kufanya kazi kwenye hospitali moja binafsi ambayo siitaji jina kwa sababu bado ndiyo inayonilisha. Wakala aliyenileta alinipamba kwa maneno matamu: wodi ndogo, chumba changu, mapumziko kila wiki. Nikafika nikakuta wodi imejaa mpaka mlangoni, chumba tunalala wanne huko Wadi Kabir juu ya gereji, na mapumziko yanategemea nani ameumwa na nani ameacha kazi. Na mimi nina ugonjwa mmoja ambao hauna sindano, sijui kusema hapana. Metroni akinipigia simu, "Sista Upendo, utamshikia mwenzako zamu?" mdomo unajibu ndiyo huku miguu inalia.

Basi mkataba ukawa unakaribia kwisha, metroni akanipa mpya wenye masharti yale yale, akataka jibu Jumapili. Hapo ndipo Josephine, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, akaniletea habari ya familia moja ya Kiomani yenye asili ya Unguja, wanakaa mtaa wa Al Khuwair, wanatafuta nesi wa kumwangalia mama yao nyumbani, mgonjwa mmoja tu, chumba chako mwenyewe, na mshahara unaopita wa hospitali. Mgonjwa mmoja, jamani! Nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kutaja masharti yangu bila kutabasamu: Ijumaa ni yangu, usiku nalala, kazi ya ziada inalipwa. Nikaona sasa nimekuwa mtu.

Asubuhi ya kwenda nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala wala sijala, na Josephine akanisindikiza mpaka mlangoni kwa wosia mmoja. "Wewe Upendo, skiza, ukikataa kahawa ya Mwomani ni kama umetukana ukoo wake mzima. Kunywa tu." Nikauliza, hata kama sitaki? Akasema, "Hata kama unakufa." (Josephine mwenyewe hajawahi kukanyaga nyumba ya Mwomani, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.)

Nikapokewa vizuri sana. Bibi mwenyewe, Bi Zuwena, alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mto mgongoni, nikampa shikamoo akaitikia marahaba kwa sauti ya kunyooka, akaniuliza nakaa wapi nikamwambia Wadi Kabir, na binti yake Asya, mama wa makamo anayefanya kazi wizarani, akaleta tende, halua na dele la kahawa inayonukia hiliki. Akasimama mbele yangu na dele mkononi akanimiminia kikombe kidogo, kile cha kumeza mara mbili. Nikanywa. Akamimina tena. Nikanywa. Akamimina tena, nikamkumbuka Josephine, nikanywa.

Sasa, jambo ambalo mtoto yeyote wa Maskati analijua kabla hajaota meno ni kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo, kushoto kulia, basi, mwenyeji anaelewa na anakichukua. Usipokitikisa, mwenyeji hawezi kuacha kumimina, itakuwa yeye ndiye amekunyima. Kwa hiyo tukawa watu wawili wenye adabu zetu tunauana polepole: mimi siwezi kukataa, yeye hawezi kuacha, na kila nikimwangalia nimwombe huruma kwa macho, yeye anatabasamu na kumimina. Mkono ulishaanza kumchoka, nikamwona anahamisha dele, analirudisha. Hatimaye likaisha, moyo wangu ukashukuru, na Asya akasema, "Ngoja niongeze jengine, mgeni anaipenda kahawa," akaenda zake jikoni.

Bibi alikuwa amefumba macho. Nilikuwa na chupa yangu ya bati, ile ninayokwenda nayo kazini, tupu. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo wa kijinga. Kuanzia dele la pili, kila Asya akigeuka kumrekebishia mama mto au kupokea simu, kikombe changu kilikuwa kinaishia kwenye chupa. Nikajiona mjanja, na kahawa iliyokwisha kuingia tumboni ikaniambia kweli, wewe ni mjanja, hakuna mjanja kama wewe.

Asya akakaa, akauliza lile swali nililolisubiri. "Enhe, dada, masharti yako yepi? Tuambie, tusije tukaoneana haya baadaye." Nikafungua mdomo nitaje Ijumaa yangu, na moyo unapiga kwa kasi, maneno yakatoka yenyewe yakikanyagana: "Mimi sina masharti mama mimi napenda kazi tu, Ijumaa nafanya, sikukuu nafanya, usiku wala silali, mimi kwa kweli si mtu wa kulala!" Na wakati ule, Mungu ni shahidi, nilikuwa nasema ukweli, maana nilihisi sitalala tena mpaka mwaka unaofuata.

Asya akanitazama kidogo. "Hebu mpime mama presha, nikuone unavyofanya." Kitu ninachokifanya kila siku ya maisha yangu! Lakini vidole vilikuwa vinatetemeka, ule mkanda nikaufunga nje ndani, nikaufungua, nikaufunga, mpaka bibi akafumbua macho. "Mwanangu, u mzima? Mbona wanitetemekea mimi nlokuwa mgonjwa?" Nikasema mzima bibi. "Asya, mfunge na yeye." Jamani, nikafungwa. Presha ya bibi ilikuwa nzuri kabisa, ya msichana. Yangu mashine iliisoma, ikalia, ikaisoma upya, na Asya akavaa miwani ili ahakikishe.

Kujiokoa nikaruka juu. "Saa ya dawa ya bibi imefika!" Kidonge kilikuwa mezani, glasi ipo, nikanyakua chupa iliyokuwa karibu na mguu wangu nikamimina huku nikimwangalia bibi usoni kwa tabasamu, maana chuoni tulifundishwa mgonjwa unamtazama yeye, si vyombo. Bibi akaweka kidonge mdomoni, akapiga funda moja, akatulia, akashusha glasi.

"Kumbe maji ya Wadi Kabir yana hiliki?"

Nikatazama ile glasi. Asya naye akaitazama, kisha chupa, kisha dele, nikaona hesabu inajipanga usoni mwake. Sijui ningepata wapi shimo la kujifukia, sakafu yote ilikuwa marumaru. Akasema taratibu, bila ubaya, "Dada yangu, sisi twatafuta nesi wa kumwangalia mama, si mama wa kumwangalia nesi." Na kazi ikaishia hapo, chumba changu, mgonjwa wangu mmoja, vyote. Machozi yalinilengalenga, sitaficha.

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka mto ukaanguka, akaniita nikae karibu yake, nikamweleza yote, ya Josephine na ya metroni na mkataba wake, akanionyesha namna ya kukitikisa kikombe. Halafu akanishika mkono. "Nlikuwa nnakuona tokea kikombe cha kwanza ulichokitia chupani, nikangoja useme. Mwanangu, kikombe hichi kidogo umeshindwa kukiambia basi, huyo bosi wako utamwambiaje?" Alinifungia halua nzima nikaondoka nayo, na mpaka leo siku ile ndipo nilipoona aibu iliyofungashiwa zawadi.

Jumapili metroni akausukuma mkataba mbele yangu pamoja na kalamu, kama kawaida, akiwa ameshageukia kompyuta yake kwa sababu jibu langu analijua. Na mimi nikatafuta ile hofu yangu ya siku zote nikaikosa. Mtu aliyemnywesha bibi wa watu kahawa baridi badala ya maji, mbele ya mwanawe, hana tena cha kumwogopa metroni. Nikasema, "Hapana, sista. Ijumaa yangu iandikwe humu, na zamu za ziada zilipwe, ndipo nitie saini." Aligeuka akanitazama kana kwamba kitanda kimesema. Akaniuliza nimepata wapi ujeuri huo, nikamwambia Al Khuwair. Tukavutana wiki nzima.

Ijumaa nimepata. Zamu za ziada zinalipwa, zikichelewa naenda kusimama mlangoni kwake mpaka aniulize nina shida gani. Chumba bado tunalala wanne na gereji bado inagonga mabati alfajiri, hilo sijaliweza. Lakini nimeapa, na Josephine ni shahidi wangu: sinywi tena kitu cha mtu yeyote kwa kuogopa kumuudhi, na ushauri wa Josephine, wa kahawa au wa jambo lolote lile, nausikiliza, namshukuru, halafu nafanya kinyume chake.