Laini ya Ramzi

Hapa Furn el-Shebbak, mtaa wetu wa Beiruti, karibu kila mtu amewahi kumtukana Wadad, na wengi hawamjui hata kwa sura. Unampigia fundi wa lifti, simu yake imezimwa, mwanamke mwenye sauti tamu anakwambia: "Simu unayoipigia imefungwa au iko nje ya mtandao. Tafadhali jaribu tena baadaye." Unamtupia neno, unakata. Basi huyo ndiye Wadad. Alirekodi maneno hayo zamani, akiwa msichana wa studio. Nimewahi kumwona mteja akimlaani ndani ya duka langu, naye mwenyewe amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki, anabana midomo asicheke.

Mimi nauza vocha, chaja na makava ya simu. Wadad kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye tamthilia za Kimeksiko. Miaka ile nchi nzima ilikimbilia nyumbani jioni kuzitazama, na Wameksiko wote walisema Kiarabu cha vitabuni, ambacho hakuna mwanamume wa Beiruti aliyewahi kumtongozea mtu. "Ewe Fernando, wanitendani? Moyo wangu wateketea!" Ndiye yeye. Marehemu mke wangu alilia naye msimu mzima bila kujua kwamba mwenye machozi anakaa jengo la jirani, ghorofa ya nne.

Alikuwa na mwana mmoja, Ramzi. Kijana alipohitimu uhandisi, baba yake, Mungu amrehemu, alimzawadia laini yenye namba rahisi, mwishoni saba tupu zimefuatana. Kwetu namba rahisi ni heshima. Mtu akikutajia namba ndefu isiyoshikika kichwani, unajua huyo hana wa kumsemea. Kisha baba akafa, benki zikameza akiba za watu, na Ramzi akaenda Detroit. Pale uwanja wa ndege alichomoa laini kwenye simu akampa mama yake. "Nitunzie, mama. Nikirudi niikute."

Sasa, laini zetu zisipotiwa siku za kutumika kila mwezi hufa, na namba hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi Wadad alishuka ngazi, maana lifti yao inategemea jenereta na jenereta lina matashi yake, akaja kununua siku za laini mbili, yake na ya Ramzi. Nikishatia, aliipigia ya Ramzi hapo hapo, kwa sauti ya juu, akajisikiliza mwenyewe mpaka mwisho: imefungwa, jaribu tena baadaye.

"Iko hai," alikuwa akisema.

Siku ile studio alirekodi na maneno mengine: "Namba uliyopiga haitumiki." Hayo aliyaogopa. "Baba Nadim," aliniambia mara moja, "sitaki mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nijiambie kwamba mwanangu hayupo."

Namba yenyewe iliwatoa watu udenda. Dalali mmoja wa nyumba alinisumbua wiki nzima nimwombee.

"Anasema utaje bei yoyote," nikamwambia Wadad.

"Mwambie akamuuze mama yake."

Mwanzoni Ramzi alipiga kila Jumapili kwa mtandao. Wadad aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakunja majani ya mzabibu huku wakizungumza. Baadaye ikawa sikukuu kwa sikukuu. Kisha ikawa kumtumia vichekesho tu. Watoto wetu walio ng'ambo hupata mizaha ya mawaziri wetu kabla yetu, na moto ukizuka mtaa wa nyuma wao ndio wanaotuuliza kama tumeungua. Kila asubuhi mama alimtumia picha ya waridi yenye maneno ya heri, na mwana alijibu kwa moyo mwekundu.

"Moyo," alinionyesha. "Leo tena moyo."

"Ana kazi nyingi, Mama Ramzi."

"Ndiyo. Ana kazi."

Akachukua mkate aliokuja nao akaenda. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa sababu mpweke akikaa nawe sana hukukumbusha kwamba hata kwako hakuna anayekusubiri.

Agosti hii Ramzi akaja. Wadad alipaka nywele rangi, akasuguliwa kucha, akapika vyakula vya kulisha harusi. Akanivutia mwanawe dukani kama mwenye kombe la mashindano.

"Umnyooshee mkono Baba Nadim! Yeye ndiye aliyeiweka laini yako hai. Mtilie, Baba Nadim, aongee na watu."

Akafungua kitambaa, akatoa laini. Ramzi akacheka, si kwa ubaya.

"Mama, simu hii haina pa kutia laini. Siku hizi kule haziji na tundu."

"Haina tundu?"

"Haina. Na kila mtu ananipata kwa mtandao."

Niliigeuza ile simu huku na huku. Kweli haikuwa na tundu. Wadad akaikunja laini ndani ya kitambaa tena, polepole, akaniuliza makava mapya yamefika lini, kitu ambacho hakikumhusu hata kidogo.

Kwa hiyo mwana alipoondoka na mama akaja siku ya pili uso umemchangamka, nilistaajabu.

"Ameichukua!"

"Nini?"

"Laini! Ameiomba mwenyewe, siku moja kabla ya safari. Nikampa. Sasa niambie wewe mjuaji, mtu anachukua ufunguo wa nyumba asiyotaka kurudi?"

"Hachukui," nikasema. Ningesema nini? Alinunua biskuti akawagawia hata wateja asiowajua. Wiki zile nilimsikia akiimba kwenye ngazi, na nyanya zake aliziteremshia kapu kutoka roshani akitaniana na muuzaji, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mumewe afe.

Mwanzo wa mwezi akaja kama kawaida. Televisheni yangu ilikuwa ikionyesha wabunge wawili wakirushiana maneno kuhusu umeme.

"Zitie. Yangu na ya Ramzi."

Nikaitia yake. Ya Ramzi ikakataa kidogo, nikatazama vizuri.

"Hii ina siku tayari. Mtu ameshaitilia."

Mikono yote miwili ikaenda kifuani. "Ameitilia mwenyewe! Kutoka Amerika! Si nilikwambia?" Akashika simu akarekodi ujumbe, kwa sauti ile ile ya kumwita Fernando. "Ramzi, baba, uhai wangu, umeitilia laini yako siku? Mungu akulinde, umenifurahisha."

Jibu halikukawia. Akalifungulia kwa sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, nilitaka iwe siri mpaka fundi afike. Ile namba nimeiuza. Nilikwenda kuandikishana na mnunuzi siku moja kabla ya kuondoka, kanilipa vizuri sana. Alhamisi wanakuja kukufungia sola na betri. Huna tena habari ya jenereta, mama. Lifti tu ndiyo sijaiweza, ha ha. Nakupenda. Naingia mkutanoni."

Nilimchukia yule kijana. Kisha nikakumbuka jinsi mama yake anavyokaa gizani nusu ya usiku, nikaona kwamba amefanya ambalo mwana mwema angefanya, na hilo likanikera zaidi.

"Umeme mchana na usiku," nikasema. "Si haba, Mama Ramzi."

Aliitafuta namba ya mwanawe akaipiga. Nikanyoosha mkono nimzuie, nikaurudisha.

Ikaita. Miaka yote ile haijawahi kuita. Ikaita tena, naye akaketi wima, akasogeza nywele nyuma ya sikio, na ingawa alikuwa amesikia kila neno la ule ujumbe, ilipopokewa alitangulia kusema.

"Ramzi?"

Kulikuwa na kelele za watu, masufuria, pikipiki ikiwashwa.

"Hapana, shangazi, hapa ni kuku wa kuchoma," akasema kijana, mchangamfu. "Tunaleta mpaka mlangoni, na kitunguu saumu juu yake. Nikuandikie mzima au nusu?"

Wadad alinitazama. Kisha akayatazama majengo yale nje ya mlango wangu.

"Nusu, mwanangu," akasema. "Niko peke yangu."