Sufuria ya Wageni

Kanisa letu liko juu kidogo ya soko la Ekerenyo, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyepika chakula cha wageni. Nilikipika Ijumaa, kwa kuwa Sabato hatupiki.

Sabato moja, kabla jua halijatua, watu walianza kutapika na kuhara. Wengi walipona. Mke wa shemasi alikufa.

Mimi sikuugua hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimeshinda nikigawa chakula, nikala harakaharaka na kushushia chai ya thamosi. Kwenye matanga, shemasi alinizuia mlangoni.

"Sote tulikula kutoka sufuria moja," akasema. "Mbona wewe mzima?"

Niligeuka hapohapo, nikarudi nyumbani.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama, ambaye miguu ilikuwa imemlemea. Tangu wiki hiyo, kila nilipomtengea chakula alisema ameshiba. Dada yangu, aliyeolewa Itumbe, akaanza kumletea chakula kutoka kwake, nacho mama alikula.

"Mama, ona, ninakula mwenyewe," nilimwambia siku moja, nikitafuna ugali mbele yake.

"Kula tu, mwanangu."

"Unaogopa nimekutilia kitu?"

Aligeukia ukutani. "Mimi ni mzee. Niache nife kwa ugonjwa wangu."

Alikufa kwenye baridi ya Julai. Dada ndiye aliyemnywesha uji wa mwisho.

Mvua zilipoanza tena, watu wakaugua vilevile, safari hii majumbani mwao. Maafisa wa afya walikuja, wakapima maji ya chemchemi iliyo chini ya kanisa. Yalikuwa na kinyesi. Shimo la choo cha kanisa lilikuwa likivujia humo, na maji hayohayo, bila kuchemshwa, ndiyo wageni na wenyeji waliyokuwa wamekunywa Sabato ile.

Shemasi alisimama mbele ya washiriki wote. "Dada yetu huyu hakuwa na hatia," akasema akinionyesha. "Tulimkosea." Watu wakaitikia amina. Nje alinishika mkono akilia, akaniomba msamaha. Nilimsamehe. Yeye alikuwa amefiwa, ningemfanya nini?

Wageni wengine walipokuja, akina mama walinisalimia vizuri sana, wakaniomba nipange viti.

Dada alikuja kunipongeza. Tuliketi jikoni.

"Sasa umesafishwa," akasema. "Mama angefurahi."

"Na wewe? Ulipokuwa ukimletea chakula, ulikuwa ukiamini nini?"

Alikaza leso kiunoni.

"Mama alikuwa na njaa," akajibu.

Nilimmiminia chai. Akaishika mpaka ikapoa, kisha akasema giza linaingia, na njia ya Itumbe ina matope.